Bibi Arusi wa Kumaliza Vita ya Lugohwa

Louisville, 8 Februari 2015

Kwa binti yangu Cibalonza,

Jambo mama. Habari ya masiku? Sisi huku tuko wazima, tunamshukuru Mungu, isipokuwa goti la mama yako ambalo baridi ya mwaka huu haikulihurumia. Na wewe huko Columbus, unakula vizuri? Wale wazee unaowaogesha kazini wanakuheshimu?

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu simu ya nyumba hii ni ya watu wote. Ukipiga tu, mama yako anaongeza sauti, na jirani anakujibu kabla yangu. Neno la leo si la sebuleni.

Bagula wa Buffalo ametuma watu. Walikuja wawili wamevaa makoti na tai, wakakaa tangu misa ilipoisha, wakala, wakasifu chakula, wakaulizia goti la mama yako. Walipokuwa wanatafuta viatu vyao mlangoni ndipo waliposema kilichowaleta. Wanakuomba wewe, kwa kijana wao Eliezer.

Najua umekunja uso. Soma kwanza. Mlima wetu wa Lugohwa, kule upande wa Bukavu, unaujua kwa jina tu, maana ulitoka pale ukiwa mgongoni mwa mama yako, donc hujui ulivyopatikana. Sisi ni baluzi, watu wa nyumba ya mwami, mfalme wa kwetu, na baluzi hawakuokota ardhi njiani. Bonde la chini lilikuja na bibi wa babu yako: baba yake alipomwoza kwetu alimpa bonde lile liwe la watoto wake. Sehemu ya katikati, yenye migomba, babu yangu aliinunua kwa mwami kwa ng'ombe. Ya juu, yenye chemchemi, aliichukua kwa mikuki. Aliowafukuza pale ni ukoo wa Bagula. Tangu siku ile wao hawalali, na sisi hatulali.

Sasa vita imerudi. Baba yako mdogo Karoli, aliyebaki kutulindia mlima, anasema vijana wanakuja na panga, wanang'oa miti ya mpaka, wameikata migomba. Anaogopa kutoka nje ya ua wake. Bagula ndiye mkubwa wa ukoo wao, hata akiwa Amerika. Neno lake likifika kule, panga zitashushwa. Naye amesema atalitoa siku mtakapofunga ndoa.

Fikiri, mama. Usinijibu haraka.

Papa yako,
Bahizire


Columbus, 1 Machi 2015

Papa yangu mpenzi,

Nakusalimu sana, wewe na Mama. Goti lake mlipake mafuta niliyotuma, yale ya chupa ya kijani, si yale ya jirani. Mimi ni mzima. Kazi ni ileile, na wazee wangu wananiheshimu kuliko wakubwa wangu.

Barua yako niliisoma ndani ya basi, nikapitiliza kituo changu, nikarudi kwa miguu ndani ya theluji yote ya mtaa wetu wa Whitehall. Nilimsimulia Florida, yule Mrundi ninayepanga naye. Akacheka. Alidhani ni hadithi ya wafalme wa zamani. Mimi nilishindwa kucheka.

Papa, sikukatalii. Nauliza tu. Huyo Eliezer mwenyewe amesema nini? Na kama Bagula anaweza kushusha panga kwa neno moja, mbona neno hilo linangoja harusi? Mtu akiona nyumba ya jirani inaungua, anauliza kwanza habari ya mahari?

Papa Karoli namwogopea sana. Kila Noeli ananipigia na kuniimbia mpaka simu inakatika. Mwambie asilale pale peke yake.

Mtoto wako,
Cibalonza


Louisville, 22 Machi 2015

Binti yangu,

Salamu katika jina la Bwana. Sitauliza mengi kuhusu afya leo, unisamehe.

Nyumba ya Karoli imechomwa. Yeye na mke wake Esperance walitoroka kwa mlango wa jikoni na nguo walizovaa. Wako kwenye parokia, wanalala darasani. Esperance alipokuwa akinieleza nilisikia Karoli anakohoa nyuma yake. Moshi umemwingia kifuani.

Uliuliza maswali mazuri, ya mtu aliyesoma. Mimi sina majibu, nina mdogo wangu anayelala sakafuni. Nakuomba jambo dogo. Wakati wa Pasaka nenda Buffalo. Watu wa Bagula watakupokea kama binti wa heshima. Mtazame huyo kijana. Kutazama si kuolewa.

Mama yako anakusalimu. Amefunga kula tangu Jumatano, anasali.

Papa yako,
Bahizire


Buffalo, 6 Aprili 2015

Papa,

Natumaini mko wazima na Pasaka ilikuwa njema. Nakuandikia kituoni, nangoja basi la kurudi Columbus.

Walinipokea vizuri. Wanaishi Black Rock, karibu na mto, penye viwanda vya zamani. Bagula ni mzee mrefu, mpole wa sauti. Alinitembeza barabarani kwake kama mwami anayekagua nchi. "Nyumba hii niliinunua imebomoka, tukaijenga sisi wenyewe. Ile ya pili nikanunua jirani alipohama. Ya tatu ni ya mkwe wangu, nilimwoza binti yangu mkubwa, kwa hiyo ni yetu pia." Nikamwuliza, "Na ya nne, mzee?" Akasema, "Huyo wa nne ni mbishi." Nilitaka kucheka, Papa, halafu nikakumbuka nilichoitiwa.

Eliezer alinikuta jikoni naosha vyombo. Anafanya kazi kiwandani, ana macho ya mtu asiyelala. Akafungua bomba ili maji yapige kelele, akaniambia, "Dada, mimi nina mtu. Anaitwa Generoza. Ana mimba yangu. Mzee hajui."

"Mwambie."

"Siwezi. Wewe ukikataa, itakwisha bila mimi kusema. Wewe uko mbali, watakukasirikia kidogo tu."

"Na baba yangu mdogo kule mlimani, watamkasirikia kidogo tu?"

Alifunga bomba akatoka nje.

Bon. Baada ya chakula nilimwendea Bagula mwenyewe. Nilipiga goti jinsi Mama alivyonifundisha, nikamwuliza anataka nini hasa. Akasema, "Nataka mjukuu. Mtoto mwenye damu ya kwetu na ya kwenu hatakuwa na wa kupigana naye. Atakaa juu na chini, mlima utakuwa mmoja." Nikamwuliza, "Na akiwa wa kike?" Akaniuliza kama nimeshiba. Nadhani hilo hakuwa amelifikiria.

Siri ya Eliezer nakuambia wewe peke yako. Sikukubali wala sikukataa. Lakini nilivyoelewa, kinachowauma ni ile sehemu ya juu tu, iliyochukuliwa kwa mikuki. Wewe ndiye mkubwa wa nyumba yetu. Waachie, Papa. Bonde libaki, migomba ibaki, Karoli alale kwake. Kama ni lazima kitu kitolewe, kwa nini kiwe mimi?

Basi limefika.

Mtoto wako,
Cibalonza


Louisville, 19 Aprili 2015

Cibalonza,

Salamu. Tuko wazima.

Ardhi ambayo watu walikufa juu yake haiachwi kwa barua ya msichana. Babu yangu amezikwa pale juu. Nikiitoa, nitakutana naye vipi?

Habari ya huyo Generoza nimeisoma. Vijana wana mambo, ndoa inayarekebisha. Bagula amepiga simu baada ya wewe kuondoka. Amesema umelelewa vizuri. Nimekubali. Harusi ni Septemba, hapa Louisville, na padri nimeshamwambia.

Usinifedheheshe.

Bahizire, baba yako


Louisville, 14 Juni 2015

Binti yangu,

Habari ya afya yako? Nauliza kwa kweli, maana sijui.

Simu yako imefungwa. Nilimpata Florida, akasema umehama na hajui ulikoenda. Alisema haraka mno. Namtumia barua hii yeye. Kama anajua mahali ulipo, Mungu amsukume akuletee.

Mama yako haongei nami. Ananiwekea sahani mezani, anakwenda chumbani. Jumapili watu wa kanisa wanauliza habari ya maandalizi ya harusi, nami nawaambia yanaendelea.

Lakini hilo si neno la leo. Karoli amepotea. Alichoka kula chakula cha kuomba, akarudi Lugohwa kuvuna maharagwe yaliyobaki. Esperance alimkataza, akaenda. Hajarudi. Waliokwenda kumtafuta walikuta jembe na kikapu. Bagula nimempigia, anasema atauliza, kisha hapokei tena.

Sijui nikuombe nini. Niandikie tu kwamba uko hai, ili niwe na mtu mmoja asiyepotea.

Papa yako


Buffalo, 30 Agosti 2015

Cibalonza mama,

Salamu nyingi. Usishangae kuona jina la mji huu. Nilipanda basi kuja kwa Bagula bila kuitwa.

Nilikuja na neno moja mdomoni: chukua sehemu ya juu, nirudishie ndugu yangu. Sikukaa hata kitini. Nilimwambia nikiwa nimesimama mlangoni na begi mkononi. Yule mzee alinitazama, machozi yakamtoka. Miaka yote hii alikuwa anangoja kusikia hivyo. Papo hapo akawapigia vijana wake wa kule, akaongeza sauti ili nisikie. Akasema, "Mimi Bagula nawaamuru, acheni. Mlima wa juu umerudi kwetu. Mrudisheni Karoli."

Kijana aliyepokea akamjibu kwa heshima, mama, na heshima ile ilikuwa mbaya kuliko tusi. "Mzee, sisi hatukutumwa na wewe. Tumetumwa na mwenye mlima." Kumbe mfanyabiashara mmoja wa mjini ameinunua Lugohwa nzima kwa wakubwa wa pale, tangu bonde mpaka chemchemi. Anataka kufuga ng'ombe. Ameshapanda nguzo za saruji. Vijana wa ukoo wa Bagula na vijana wa ukoo wetu, wote anawalipa yeye. Ndio waliokata migomba. Ndio waliochoma nyumba.

Bagula aliweka simu mezani, akawa anaifuta kwa mkono wa shati lake. Hakunidanganya. Alidhani kweli ni watoto wake, na kwamba bado wanamsikia.

Karoli yuko hai. Walimpiga wakamtupa kando ya barabara, watu wa lori wakamwokota, akafika hospitali ya Bukavu bila kujua jina lake. Esperance alimkuta wiki iliyopita. Mkono wake wa kulia umevunjika vibaya. Nimeongea naye jana. Kikohozi kimemmaliza sauti, lakini amenijua.

Eliezer amekwisha kumwoa Generoza wake, kimyakimya, tangu mwezi wa saba. Wamepata mtoto wa kike. Bagula alikasirika, kisha wakamletea mtoto, akaacha kukasirika. Mimi pia nimempakata.

Donc, sina mlima wa kuulinda, wala hakuna mtu niliyemwahidi binti yangu. Padri nimempigia, nimemwambia hakuna harusi. Nilimwambia kosa si lako.

Rudi nyumbani, mama, hata kwa siku moja.

Papa yako


Columbus, 20 Septemba 2015

Papa,

Nakusalimu, wewe na Mama. Mimi ni mzima.

Sikuhama. Florida alidanganya kwa ajili yangu, msimlaumu. Barua zako zote nilizipata. Ile ya Karoli kupotea niliisoma, nikakaa sakafuni, na bado sikukuandikia. Niliogopa kwamba nikiandika hata neno moja, litakuwa ndiyo.

Nimempigia Papa Karoli. Hakuimba. Alisema, "Mwanangu, ungeolewa bure." Tulicheka kidogo, halafu tukalia.

Papa, nataka kuja. Lakini bado naogopa. Naota niko kanisani na mlango umefungwa kwa nje. Kwa hiyo nasema wazi: nitakuja Jumamosi ya kwanza ya Oktoba, nikiwa na tikiti ya kurudia mkononi. Mtu yeyote akinitajia mchumba, awe shangazi, awe padri, nitaondoka siku ileile. Kama unakubali, niandikie. Kama hukubali, usiandike, nami nitaelewa.

Mtoto wako,
Cibalonza


Louisville, 25 Septemba 2015

Binti yangu,

Njoo.

Mara hii sikuulizi habari za afya. Nitasimama kituoni tangu asubuhi, nitaiona mwenyewe.

Papa