Kizingiti Chenye Wanyama

Jumatatu, 3 Juni
Nimefagia. Nimeanika nguo. Nimepita tena mtaa wa Keshero, kwenye nyumba ya zamani ya wakati wa Wabelgiji. Wanaibomoa; wameshaezua mabati. Kizingiti bado kipo. Jiwe la kijivu lenye viduara vyeupe, vidogo kama vifungo vya shati. Marehemu mume wangu, Bahati, fundi wa mawe, alisema si jiwe la volkano, na kwamba viduara vile ni wanyama. Mafundi wenzake walimcheka mpaka alipokufa. Hata mimi nilicheka kidogo. Inaniuma.

Jumanne, 4 Juni
Papa Kasereka, msimamizi wa ubomoaji, atalivunja Alhamisi, liwe kifusi cha msingi wa nyumba mpya. Nilimwomba aliache.
"Mama, Goma yote ni jiwe ya volkano. Bahati alikuwa anaona mbuzi hata ndani ya simenti."
Mafundi wakacheka. Nilirudi kwa miguu.

Jumatano, 5 Juni
Jirani yangu, mwalimu wa jiolojia, amenipa njia ya kulipima. Kwaruza jiwe, kamulia ndimu. La volkano litanyamaza. La chokaa litatoa povu.
Nimeanza na ukuta wa nyumba yangu, wa jiwe la volkano. Kimya.
Keshero nikapiga magoti. Povu. Dogo, jeupe, likichemka bila moto. Nikaenda kumwita mwalimu.
Mwalimu akaja na kioo cha kukuzia. Akainama juu ya kizingiti. Kisha akasema: ni jiwe la chokaa lililoletwa kutoka Ubelgiji. Viduara ni vipande vya mashina ya wanyama wa baharini, waliosimama chini ya maji kama maua. Walikufa kabla ya volkano zetu kuwapo.
Bahari. Tumekuwa tukiifutia matope ya viatu.
Papa Kasereka akaomba ndimu. Akajaribu mwenyewe, mara tatu.
"Kumbe ule mutu alikuwa anasema kweli."

Alhamisi, 6 Juni
Wamelitoa kwa mtaimbo, polepole. Kona moja imekatika. Nikalia. Kisha nikatazama palipokatika. Wanyama wamejaa mpaka ndani. Nilidhani wako juu tu.

Jumapili, 9 Juni
Mwenye nyumba amekubali. Litawekwa kwenye mlango wa nyumba mpya.
Nilipita baada ya ibada. Liko chini ya turubai. Fundi mmoja, wa wale waliocheka, alikuwa amechuchumaa na mke wake, anamwonyesha viduara kwa kidole. Nikasikia akitaja jina la Bahati.
Sikusimama. Nilipunguza mwendo tu.