Kuku Ndio Huhesabiwa

Jumatatu, 3 Februari

Darasa la kwanza mbele, la pili nyuma, chumba kimoja. Chaki zimebaki vipande. Upepo ukivuma, udongo wa ukuta unamwagikia daftari za watoto, wanapuliza, wanaendelea kuandika. Nimesomesha mpaka sauti imekauka.

Baada ya vipindi alikuja Mzee Shomari, mwenyekiti wetu wa kitongoji. Halmashauri inataka idadi ya watu wa Kwamlole, nyumba kwa nyumba. Tukionekana wachache, shule yetu hii shikizi, tawi la shule ya Mkange, itafungwa na watoto watasoma Mkange. Njia ya Mkange inakatiza porini, na tembo wa hifadhi huvuka hapo alfajiri. Mtoto wa miaka sita peke yake njia ile. Sitaki kuwaza.

Nimekubali kupita nyumba zote. Kazi rahisi.

Alhamisi, 6 Februari

Nimemaliza upande wa kisimani. Shangazi Hidaya hakuniacha nipite salama. "Unahesabu vitoto vya wenzio, mwanangu. Vyako viko wapi? Miaka yote ile chuoni hukumwona hata kinyozi wa kukuoa?" Wanawake walicheka mpaka maji yakamwagika ndooni. Nikacheka nao. Iliniuma kidogo.

Ninapouliza mtu ana watoto wangapi, jibu linakuja upesi. Wawili. Watatu, Mungu kajaalia. Kisha wanatazama pembeni.

Jumamosi, 8 Februari

Nyumbani kwetu nimepaacha mwisho. Nilimuuliza mama kama nilivyowauliza wote, nikiwa nimesimama mbele yake na kalamu mkononi. Akasema watatu. Akawataja kaka zangu wawili na mdogo wangu Mwajuma.

Tuko wanne.

Si mara ya kwanza. Harusini, msibani, mgeni akiuliza, mimi simo. Nilipochaguliwa kwenda chuo hakumwambia jirani hata mmoja. Siku zote nimejiambia kwamba mama ni mtu wa maneno machache. Leo nimeshindwa kujidanganya. Nikaenda kuteka maji ingawa mtungi ulikuwa umejaa.

Sikumsahihisha. Nimeandika watatu, kama alivyosema.

Jumatano, 12 Februari

Jibu la halmashauri limekuja kwa simu. Watu ni wachache mno. Ofisa atakuja wiki ijayo kuwaambia wazazi kwamba shule inafungwa.

Hesabu ni yangu. Nimeipeleka mimi.

Kisha nikainua macho darasani nikamwona Sharifa, benchi la mbele, anakata kucha kwa meno. Mama yake hakumtaja. Pembeni yake Athumani. Naye hakutajwa. Nikapita benchi kwa benchi. Karibu kila nyumba imemficha mtu. Ninawafundisha kila siku, nimezaliwa hapa, na sikuona. Nilikuwa nimezama katika uchungu wangu.

Jioni nilimfuata bibi, mama yake mama, jikoni kwake. Hakushangaa.

"Mtoto hahesabiwi, mjukuu wangu. Kuku ndio huhesabiwa, maana wanakwenda kuchinjwa."

Akanieleza huku anakoroga uji. Zamani Kwamlole ilikuwa kubwa, nyumba zilifika ng'ambo ya kijito. Wakaja watu wa serikali wakahesabu kila nyumba. Mavuno yalipokwisha wakahamishwa wote, wakapelekwa kwenye kijiji kipya barabarani. Mvua za kwanza huko, watoto wakaanza kuharisha. Bibi alizika wawili mwezi mmoja. Miaka ilipopita, baadhi wakarudi kimyakimya. Sisi ni uzao wa waliorudi. Tangu hapo mama wa Kwamlole akiulizwa, anamwacha mtoto mmoja nje ya maneno.

Nikauliza anaachwa yupi.

"Yule anayemwogopea zaidi."

Mama alizika wawili kabla yangu. Hilo nalijua tangu utotoni. Sikuwahi kulihusisha na kule kuachwa kwangu.

Nilikaa jikoni pale mpaka uji ukapoa. Sijui niliyokuwa nayo kifuani ni furaha au aibu. Ilikuwa nzito.

Jumatatu, 17 Februari

Mzee Shomari anataka niwashawishi wanawake waseme idadi kamili mbele ya ofisa. Nimepita nyumba tatu. Wanajua habari ya tembo kuliko mimi. Wanaogopa huku na wanaogopa kule. Mama Sharifa aliniambia, "Mwalimu, msichana ninaye huyo mmoja tu." Nikaaga.

Mama sitamwomba. Nimeamua. Siwezi kumtaka anitoe mafichoni.

Jumatano, 19 Februari

Ofisa ni kijana, mpole, viatu vimejaa vumbi. Wanaume kwenye mabenchi, wanawake kwenye mikeka, kanga mdomoni. Mzee Shomari aliomba watu waseme upya. Akaomba tena. Mtoto akalia, akanyamazishwa. Ofisa akafunga kalamu yake.

Mama akasimama.

Hajawahi kusema mkutanoni. Alisema: "Wangu sita. Wawili wako makaburini. Wanne wako hai. Huyu mwalimu ni wangu." Akaketi. Akaifunika mikono yake kwa kanga.

Shangazi Hidaya akafuata, bila mzaha. Kisha Mama Sharifa, kwa sauti ndogo hata ofisa akasogea karibu. Wengine waliwataja wafu kwanza. Watu walilia na kuendelea kutaja. Ofisa aliandika bila kuinua kichwa.

Sikumtazama mama. Niliogopa.

Jumapili, 23 Februari

Homa tangu Ijumaa. Zahanati wamesema malaria, nimepewa dawa. Mama alinishika kwa nyuma kwenye bodaboda njia nzima, kama mzigo unaoweza kudondoka. Ninajua anachowaza: nimehesabiwa. Ninajua pia kwamba ni mbu, nimelifundisha somo hilo mwenyewe. Ila homa ilipopanda jana mchana niliamini kama yeye. Nilijichukia kwa kumwacha asimame.

Shangazi Hidaya alileta maji ya madafu. Aliuliza, "Wako anaendeleaje?" Mama akajibu anaendelea vizuri. Wote wawili walinong'ona.

Ijumaa, 28 Februari

Shule inabaki. Mzee Shomari amepita kusema, hakukaa. Hakuna aliyepiga kigelegele. Wanawake waliitikia alhamdulillahi na kurudi kwenye kazi zao.

Homa imeondoka. Jumatatu nitarudi darasani. Mama hajaniuliza kama nimepona. Amekaa kwenye mkeka karibu na mlango wangu, anachambua mchele. Kila nikikohoa mkono wake unasimama juu ya ungo. Unangoja. Kisha unaendelea.