Uyoga Usio na Mzizi

Jumamosi, 5 Aprili 1975
Zamu yangu shamba la kijiji imekwisha mapema, nikapita porini. Mvua ya jana si mchezo! Kanga kundi zima wanachakura kwenye kichuguu. Nikajua kuna jambo. Uyoga! Mweupe, mpana kama kofia ya balozi wetu wa nyumba kumi. Nikauvuta polepole pamoja na mzizi wake, ule mrefu unaozama mpaka kwa mchwa. Nimefika Mombasa, nimefika Kampala, utamu huu hawana. Ndege mmoja wa mabawa mekundu akanipigia makelele. Wivu tu.

Jumatatu, 7 Aprili
Nimejisifu kilabuni: uyoga naunusa kama mbwa. Nyumbani mke wangu Boke kacheka. "Basi mpelekee mama yangu, bwana mkubwa." Mimi huyu nishindwe?

Jumanne, 8 Aprili
Uyoga tele! Hata porini sikufika. Umeota juu ya rundo la udongo wa kichuguu, ule tuliousomba kufyatulia matofali ya nyumba mpya. Kanga hakuna hata mmoja. Vizuri, sina wa kugombana naye. Kikapu kizima kwa mama mkwe. Shemeji atakipeleka kwake Nyanungu kesho asubuhi. Kidogo chetu.

Jumatano, 9 Aprili
Mchana Boke anaosha ule wetu, akaugeuza chini juu. "Baba Chacha, mzizi uko wapi?"
Hakuna. Haukuwepo. Tuliposomba udongo mchwa walikufa, na uyoga wa mchwa hauoti bila mchwa. Huu basi ni mwingine, huenda wa sumu. Hata mtoto anajua. Mimi mjuzi sikujua.
Nikakimbia mpaka Nyanungu. Moshi unatoka jikoni! Na kwetu mkwe haingii jikoni kwa mama mkwe, hata usoni hamtazami. Nikasimama nje ya boma, nikageuza mgongo, nikapiga kelele kama mwendawazimu: "Shikamoo mama! Usile! Mwaga chungu!"
Kimya. Nikadhani amekwisha kufa.
Kisha mchuzi, pwaa, uani.
"Marahaba. Na mimi sasa nile nini, wewe wa Mombasa?"
Nililia. Mzima alikuwa, na mimi nikalia.

Jumapili, 13 Aprili
Juzi nilikwenda porini na Boke. Sikusema sana. Tulingoja kanga washuke wenyewe. Vichwa saba, mizizi yote. Tukampelekea mama mkwe na udongo wake.
Leo kikapu kimerudi na unga wa wimbi. Mama kasema mkwe wake hajui uyoga, ila mbio anazijua.
Nimekaa mlangoni. Kanga wanapanda mtini kulala.