Piga Kelele Jumapili

Dada Lorraine,

Huku hatujambo. Theluji imewahi, na mkate wa mahindi wa mama umefika salama.

Labda uliona kwenye televisheni goti la mwenzetu Dombrowski lilivyopinda. Basi Jumapili nitasimama mahali pake, upande wa kulia, kumkinga mrushaji wetu wa mpira asiangushwe na wapinzani. Kocha anasema, "Kulia, kushoto, kazi ni ileile, jitu wewe."

Si ileile. Miaka yote nimecheza kushoto, ambako sauti ya mrushaji ya kutuamuru tuondoke hunijia sikio la kulia. Habari za hili la kushoto unazijua wewe tu, uliyekuwa ukinifinya kanisani ili nisimame. Jana mazoezini nilichelewa kuondoka, mrushaji akaangushwa. "Ulilala, kaka?" akaniuliza. Nikacheka.

Ugenini kelele zikizidi, wote tunakuwa viziwi, tunaondoka kwa kuutazama mpira. Lakini hapa nyumbani, tukiwa na mpira, mashabiki wetu hunyamaza ili tusikilizane.

Njoo, dada. Wakinyamaza, wewe piga kelele. Watakutukana, usiwajali. Najua mtu mmoja hatoshi kuujaza uwanja. Piga tu.

Mama asijue.

Mdogo wako,
Wendell