Hotuba Niliyowashia Jiko

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba. Hapa Engutoto hatujambo. Mama yako amepona goti na ameanza tena kunigombeza.

Umeuliza, kati ya mabishano yangu yote na madiwani na wachungaji, najivunia lipi. Ni lile ambalo sikufungua mdomo.

Miaka ile ya ruksa, biashara huria ilipoanza, nilifanya kazi katika nyumba ya mtaani kwetu walimoishi watu sita waliotoka wodi ya magonjwa ya akili, wakijifunza upya kujitegemea. Majirani wakaitisha mkutano watufukuze. Niliandika hotuba ya kurasa tisa, ya kuwatukana wote kwa adabu.

Kabla sijasimama, jirani yetu Mzee Mbise alisema, "Hao vichaa waondoke."

Elinami, mmoja wa wakazi wetu, akainuka. Ndiye aliyeuza mchicha wa bustani yetu mlango kwa mlango.

"Shikamoo, mzee. Mchicha wa jana ulikuwaje?"

"Marahaba. Ulikuwa mzuri."

"Basi kesho nilete, au nitakuwa nimeshaondoka?"

Watu wakacheka. Mzee akajikuna kidevu. "Lete mafungu mawili," akasema, na mkutano ukaishia hapo.

Nyumba ingali pale. Kurasa zangu tisa niliwashia jiko, na Elinami ndiye aliyepika.

Ni mimi bibi yako, ambaye bado sijachoka kubisha.