Fataki za Iddi Barazani kwa Bi Shuweikha

Mdogo wangu Somoe,

Marahaba, pokea hata kabla hujaniamkia. Niko Tabata kwa mwanangu Hadija, mzima kabisa, na jana baada ya Isha nimeziona fataki za Iddi kwa macho yangu mawili!

Hadija alitaka nibaki ndani na televisheni. "Mama, ile milio itakushtua, na presha yako hii."

Nikamwambia, "Mie sijatoka Lindi kuja kusikiliza sherehe nyuma ya pazia."

Basi tukaelewana: uwanjani kwenye msongamano sitii mguu, nitakaa barazani kwa jirani yake mwenye duka, Bi Shuweikha, mtu mzima kama mie. Nikala pilau mapema, nikameza dawa, nikatia pamba masikioni na kukaa kwenye kiti chenye mgongo.

Ya kwanza ilipopasuka, Bi Shuweikha alinikamata mkono, kafumba macho. Kumbe miaka yote fataki zikianza hujifungia chumbani!

"Fumbua macho, shoga," nikamwambia. "Mwanga unatangulia, mlio unafuata. Ukishauona mwanga, kishindo hakikushtui tena."

Akafumbua. Mbingu ilikuwa ya kijani, mara ikawa dhahabu tupu, na bibi mwenzangu akapiga kigelegele hadi wapita njia wakageuka.

Leo asubuhi kaniletea halua, anauliza kama Iddi ijayo nitakuja. Nimemjibu tutakuja wawili, mie na wewe. Mungu akupe nguvu za magoti, mdogo wangu, uanze kuaga mapema.

Dada yako akupendaye,
Mwanahawa