Majaji Hawageuki

3 Machi

Shikamoo Baba,

Hujambo? Mgongo umetulia? Mimi sijambo, kazi tu ndiyo inanikimbiza. Usiniulize kwa nini nimekaa kimya miezi yote hii, najua kosa ni langu.

Nimeteuliwa kuwa jaji kwenye tamasha la bendi, lile la uwanja wa wazi, Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao. Eti kwa kuwa natangaza muziki redioni, masikio yangu yanaaminika. Nilicheka, maana masikio haya ni yako. Nani alikuwa akinikalisha juu ya meza ya cherehani, ananiziba macho, ananiuliza hiyo ni ala gani?

Na huko ni hivyo hivyo. Majaji tunakaa chini ya turubai, jukwaa tumelipa mgongo. Bendi inaitwa kwa namba, inapiga nyimbo mbili, inashuka. Ukigeuka unatolewa. Wamechoshwa na majaji wanaopendelea shemeji zao.

Bendi yako itashiriki? Kama ndiyo niambie, nijitoe mapema. Kama siyo, basi njoo usikilize.

Mwanao, kitindamimba


15 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima kama chuma, mgongo nao umenyooka. Nguo za kushona zimejaa hapa mpaka sina pa kukaa.

Sisi tushiriki? Tumebaki watano, wote tunatafuta miwani. Usijitoe. Nitakuja kusikiliza kama watu wengine.

Ila nikuambie moja, na usinune. Uliiacha bendi hii wiki moja kabla ya safari yetu ya maonyesho, kipaza sauti chako kikabaki kimesimama peke yake. Sikusema kitu. Miaka sita sasa hujanisikia nikipiga tarumbeta. Basi ukikaa huko, hukumu unachosikia, usimwonee mtu huruma. Mwanamuziki akishaanza kuhurumiwa, ndiyo basi tena.

Baba yako


10 Aprili

Shikamoo Baba,

Umeamkaje? Ulikuja kweli? Nilikutafuta mpaka nikachoka.

Jamani, matope! Mvua ilianza asubuhi na haikutuonea haya. Kiatu changu kimoja kimebaki huko chini mpaka leo. Watu walicheza wameshikana mabega, anayeanguka anaanguka na ukoo mzima.

Sasa sikiliza. Namba mbili walileta kinanda kinachojipiga chenyewe, sikusikia kidole hata kimoja. Namba nne, mwimbaji ana sauti mpaka nywele zilinisimama, ila mpiga ngoma wake alikuwa na haraka, sijui alibanwa na haja. Namba saba ndio walionivunja mbavu. Tarumbeta, Baba! Hewa inavuja kila upande. Nikaandika: "Huyu anapoza chai. Apumzike, awaachie wenye pumzi." Jaji mwenzangu alicheka mpaka kalamu ikamwangukia topeni. Tukawapa mbili juu ya kumi.

Tulitolewa kwa nyuma kabla ya matokeo, maana mwaka juzi jaji alipigwa. Kwa hiyo sijui nani alikuwa nani. Wewe ulisimama upande gani? Nani alikufurahisha?

Mwanao


28 Aprili

Mwanangu,

Namba saba ni sisi. Aliyekuwa anapoza chai ni mimi.

Mwezi wa kwanza niling'olewa meno matatu ya mbele, ya juu. Tarumbeta halina pa kuegemea. Sikukwambia, kwa sababu nilitaka kukushtukiza. Niliwaomba wenzangu wimbo wa pili uwe ule niliokutungia ulipozaliwa. Nilijua sauti itakuwa mbovu, lakini nikajipa moyo: huyu mtoto akiusikia tu atageuka. Watamtoa, tutacheka, tutarudi nyumbani pamoja. Nilipiga wimbo wote nikikitazama kisogo chako. Ulikuwa umeinama, unaandika.

Nyie mkishaondoka, maoni yenu yanasomwa kwenye spika, bendi imepangwa mstari mbele ya watu. Nilisimama kwenye matope yaliyofika magotini, nikasikia maneno yako. Uwanja mzima uliangua kicheko. Wengine walikuja mpaka usoni kwangu wakanipulizia, fuu, fuu. Mpiga besi, niliyeanza naye tangu tuna nywele, alinishika bega akasema, "Ndugu yangu, si umesikia mwenyewe." Wameshamchukua mwingine.

Kwa zile mbili sikulaumu. Nilipiga vibaya. Nakulaumu kwa kunicheka.

Baba yako


4 Mei

Shikamoo Baba,

Sina uso wa kukuuliza habari za afya, lakini nauliza. Unakulaje? Unaumwa?

Nisamehe. Tangu barua yako ifike, redioni naweka nyimbo tu, kuongea namwachia mwenzangu. Lakini Baba, si nilikuuliza! Nilikuuliza kama mnashiriki, ukakataa. Nilikuuliza afya, ukaniambia chuma. Mimi ningejuaje?

Na kuna jambo nilikuficha. Wimbo niliujua. Hata haukufika mbali, niliujua. Ila tarumbeta halikuwa lako, lako nalijua hata nikiwa usingizini, kwa hiyo nikaona wameuiba, kama wale wengine waliouiba ukalala kitandani wiki nzima. Nikasema, washenzi hawa wanamharibia baba yangu wimbo wake, ngoja niwakomeshe. Yale maneno niliyaandika kwa hasira, kwa ajili yako wewe. Kwenye barua sikuutaja wimbo ili usijue umeibiwa tena.

Nijibu, hata kwa kunitukana.

Mwanao


2 Juni

Shikamoo Baba,

Mwezi mzima, na simu hupokei. Dada ananiambia uko salama, basi, hasemi zaidi. Nimeomba likizo. Mwisho wa mwezi nakuja, utake usitake. Nataka unipigie ule wimbo tena, meno yawepo yasiwepo, mimi nikiwa nimekaa mbele yako nakutazama.

Mwanao


14 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Mimi sijambo, na safari hii ni kweli.

Barua zako zote nimezipata. Ile ya wimbo nimeirudia mara nyingi, na nakuamini. Ila imeniuma kuliko ile ya tamasha. Uliwaza kila kitu siku ile, wezi, washenzi, pumzi, lakini haikukujia hata kidogo kwamba labda ni baba yako amezeeka.

Meno ya bandia yamekuja wiki iliyopita. Daktari kasema nianze kidogokidogo. Mwanzoni yalikuwa yanaruka, sasa yanashika. Napiga kwenye chumba cha kushonea, mlango nimefunga, na sauti inarudi, si haba.

Njoo. Hapa ni kwenu, kitanda chako kipo, dada yako nimemwambia afue mashuka. Kaa hata wiki mbili, nitafurahi, sikudanganyi. Tarumbeta nitakuwa nimelipeleka kwa jirani mpaka uondoke, na tafadhali usiniombe nikupigie.

Baba yako